Mkalimani wa Mtu wa Masizi

Mchungaji Gedion alisomea Kiingereza Nairobi, na tangu ashuke nacho pwani hakutaka kipate kutu. Alihubiri kwa Kiingereza Jumapili hadi Jumapili, katika kanisa la mabati huko Port Reitz, mbele ya waumini ambao wengi wao walikuwa watu wa Kaloleni na Rabai na Ganze, wenye Kiswahili cha kuwatosha wao na majirani. Ndiyo maana palikuwa na Mbeyu. Mbeyu alisimama kushoto kwake, maikrofoni mkononi, akayageuza maneno sentensi kwa sentensi. Mchungaji akinyoosha mkono, naye ananyoosha. Mchungaji akilia, naye analia, machozi ya Kiswahili. Miaka yake ya kupokea simu katika ofisi ya mawakala wa meli ilimpa lugha, na chumvi alijaliwa na Mungu. Walikuwapo waliosema bila kuficha kwamba mahubiri yakipita kwa Mbeyu hutoka matamu kuliko yalivyoingia. Mchungaji alikuwa amesikia maneno hayo akanyamaza, kwa sababu viti vilikuwa vinajaa.

Kazi ya ukalimani wa kanisani ina ajabu yake. Mkalimani husema "mimi", na huyo mimi kamwe si yeye. "Mimi nilikuwa jambazi sugu," Mbeyu aliwahi kutangaza kwa niaba ya mhubiri mgeni, akijipiga kifua, na hakuna mama hata mmoja aliyesogeza mkoba wake.

Sasa mwanamke huyu aliyeyasema ya wote alikuwa na lake moja, na hilo hakuwa na wa kumwambia.

Mumewe, Ngowa, alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma. Alifanya kazi bandarini katika vyumba vya barafu, kule samaki wanakogandishwa wakisubiri meli, na kitu pekee alichokipenda katika kazi ile kilikuwa koti lake: koti nene la bluu, lenye manyoya shingoni, ambalo hapa Mombasa mtu akilivaa mchana anatafutiwa daktari. Alipokufa, koti lilibaki limetundikwa nyuma ya mlango. Kisha kipupwe cha mwaka huu kikaja na mvua zake za ghafla, na moja ikamkuta Nicanor barazani kwa Mbeyu akiwa amelowa chepechepe. Mbeyu, kwa huruma, na tuseme ukweli si huruma peke yake, akalitoa koti mlangoni akampa.

Nicanor alikuwa mgane, mkewe alimfia huko bara walikotoka, na sasa alipakia mizigo ya ndege pale uwanjani. Mtu mpole, mwenye maneno ya kuhesabika. Alikuja kwa Mbeyu mara ya kwanza kuziba bati la jikoni lililokuwa likivuja. Akarudi kuangalia kama bado linavuja. Akarudi tena wakati ambapo hapakuwa na hata wingu la kulijaribu. Kimya kingi kina mshindo mkuu: siku aliyofungua mdomo, alisema anataka kumwoa. Akaongeza kwamba kazini wamempa nafasi ya kuhamia Kisumu, karibu na kwao, na Jumatatu ni lazima ajibu. Mbeyu akimkubali, atabaki. Asipomkubali, atakwenda wala hatamsumbua tena.

Mbeyu alimtaka. Hilo tuliweke wazi mapema, maana yeye mwenyewe lilimchukua muda kulikiri. Alimtaka hadi akawa anatenga vikombe viwili vya chai bila kukusudia. Shida ilikuwa Ngowa. Tangu koti lile litoke mlangoni, Ngowa alikuwa akimjia ndotoni. Hakuja na mengi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, amejikunyata, akasema anasikia baridi, na koti lake liko wapi. Basi. Mbeyu akizinduka alikuta shuka liko sakafuni na yeye mwenyewe anatetemeka, asijue kati yao ni nani hasa aliyekuwa na baridi.

Kama Ngowa alikuwa anakuja kweli, basi alikuwa anaikataa ndoa, na Mbeyu hakuwa mwanamke wa kumkanyaga mumewe kaburini. Kama ni moyo wake tu uliokuwa ukimchezea, moyo unaweza kukaripiwa ukatulia. Alihitaji kujua lipi ni lipi kabla ya Jumatatu, na wa kumwuliza hakumwona. Mchungaji angetangaza mfungo wa kanisa zima na kumsimamisha katikati awekewe mikono. Wifi yake Kafedha, dada wa Ngowa, alikuwa hatari zaidi. Kafedha Jumapili alikuwa wa kanisa na siku nyingine alikuwa wa ukoo. Kwake yeye, wafu hawakuwa wamekwenda mbali. Walikuwa koma, wazee wa nyumbani wanaokuja usingizini kudai nguo au pombe ya mnazi, na akisikia tu kwamba kakake ana baridi angekusanya ukoo kuanzia Changamwe mpaka Mariakani. Mbeyu akafunga mdomo, akangoja ishara.

Ishara ikaletwa na Mchungaji mwenyewe, bila kujua. Alikuwa amepewa filamu na rafiki yake wa Nairobi, na kwenye jalada palikuwa na picha ya msichana aliyepiga magoti mbele ya moto, mikono ameikunja kifuani. Mchungaji hakuona haja ya kuitazama kwanza. Msichana aliyepiga magoti anafanya nini kama si kusali? Akatangaza sinema ya ushuhuda, Jumamosi alasiri, waumini waje na wasioamini. Madirisha yakazibwa kwa leso na magunia, shuka jeupe likatundikwa juu ya madhabahu, na kwa kuwa filamu ilikuwa ya Kiingereza, maikrofoni ikaenda kwa Mbeyu.

Filamu ilianza vizuri, kwa mazishi. Watu wakatulia, mazishi wanayajua. Mkata mawe mmoja wa nchi ya baridi alikuwa amefiwa na mkewe akaachiwa binti, na kabla nyasi hazijaota kaburini akaleta mke mpya. Akina mama wakaguna. Usiku ule msichana alikuwa mbele ya moto, magoti chini, na kutoka kwenye bomba la moshi kikashuka kichwa. Kilikuwa cheusi kwa masizi, kirefu, chenye macho mawili ya makaa na mdomo ulioshonwa kwa uzi. Nacho kikasema, bila kufungua mdomo, jina la msichana.

Mbeyu alimtazama Mchungaji gizani. Mchungaji akampungia mkono aendelee, kwa imani kwamba huyo lazima atashindwa mwishoni. Basi Mbeyu akaendelea. Akampa Mtu wa Masizi sauti nzito ya kutoka tumboni, na watoto wakahamia mapajani mwa mama zao. Alikuwa akiifurahia kazi, hadi pale Mtu wa Masizi alipoeleza masharti yake: vitu vyote vya marehemu mama alivyopewa yule mgeni, msichana avichukue kimoja kimoja avirudishe motoni, na mama atarudi.

Kwenye shuka msichana akaiba kitana, akakitupa motoni. Akaiba mto. Mke mpya akavitafuta, baba akakasirika, na hakuna aliyemwona Mtu wa Masizi isipokuwa yule msichana, na labda paka. Mbeyu aligeuza yote hayo kwa sauti iliyozidi kupungua nguvu. Kisha Mtu wa Masizi akashusha kichwa tena na kusema kwamba mama yuko gizani na anaitaka pete yake. Maneno yalikuwa mepesi, hata mtoto wa nasari angeyageuza. Mbeyu akafungua mdomo, na kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mwanamume anayezungumza na mkewe, akasema, "Koti langu liko wapi? Nasikia baridi."

Ulimi hauna mfupa. Pete ilikuwa imejaa shuka zima, inang'aa, na kanisa zima likawa linatafuta koti. Mzee mmoja alimwuliza jirani yake kama wazungu siku hizi hulivaa kidoleni. Lakini Kafedha hakutafuta koti kwenye shuka. Aligeuza shingo polepole mpaka safu ya pili, alikokuwa ameketi Nicanor ndani ya koti la bluu lenye manyoya, ambalo hakuwahi kulivua mbele ya Mbeyu tangu alipopewa, akivuja jasho kwa mapenzi.

Mbeyu aliona shingo ile ikigeuka, na filamu iliyobaki aliigeuza akiwa hasikii anachosema. Nyumba ya mkata mawe iliungua. Baba na mke mpya waliokoka. Msichana alipatikana uani, mzima, mikono imejaa masizi, akimtabasamia mtu ambaye sisi watazamaji hatukuonyeshwa. Kwenye ukuta uliobaki, juu karibu na paa, palikuwa na alama ya kiganja cheusi. Ikawa mwisho. Hakuna aliyeokoka kiroho, hakuna aliyeimba, na Mtu wa Masizi hakushindwa.

Mchungaji aliwasha taa akiwa na uso wa mtu aliyekaribisha wageni akakuta chakula kimeungua. Alitaka kufunga haraka: lile lilikuwa pepo, tusimame tuombe. Lakini Carolyne, mwalimu wa sekondari na kiongozi wa kwaya, alinyoosha mkono. Alisema, kwa heshima yote, kwamba hapakuwa na pepo. Yule mtoto alifiwa na mama na hakuna aliyemruhusu kulia, kwa hiyo majonzi yake yakajifanyia mtu wa kuongea naye. Nyumba aliichoma mwenyewe. Watu wakaanza kukubali, kwa sababu Carolyne huzungumza vizuri, hadi Kafedha aliposimama kuuliza kuhusu paka.

Paka ndiye aliyelivunja kanisa. Kafedha alidai paka alikuwa akimtazama Mtu wa Masizi machoni, na paka haoti ndoto kwa niaba ya mtu. Yule ni koma, alisema, tena koma mstahimilivu, kwao Kaloleni angeshachoma nyumba mapema. Upande wa mlango wakasema paka aliona panya. Upande wa dirisha wakataka kuonyeshwa huyo panya. Ikabidi filamu irudishwe nyuma, kama refa anavyorudisha penalti, na aliyeirudisha ni Mchungaji mwenyewe, ambaye alikuwa ameapa kuizima. Paka akatazama juu. Akarudishwa, akatazama juu tena. Wengine wakaona anatazama macho ya makaa, wengine wakaona anatazama boriti. Ndipo wakahamia kwenye kiganja. Carolyne akasema msichana alipanda juu ya kiti. Kafedha akauliza kiti gani, wakati viti vyote viliungua. Kwaya ikapasuka katikati, soprano wakaenda kwa mwalimu wao, besi wakabaki kwa Kafedha.

Kila hoja ilimchoma Mbeyu pale alipokuwa amesimama. Carolyne alipozungumza, alijiona mwanamke aliyerukwa na akili kwa koti. Kafedha alipozungumza, alimwona Ngowa amejikunyata. Alitaka mmoja wao ashinde, awe yeyote, ili alfajiri ya Jumatatu imkute anajua la kufanya. Hakuna aliyeshinda. Ndipo Mchungaji, ambaye alikuwa ameshachoka na wote, akasema kwa Kiingereza chake, Mbeyu akigeuza, kwamba kuna mtu mmoja tu ndani ya kanisa aliyempa yule kiumbe sauti, naye ni mkalimani. Atuambie yeye. Mtu wa Masizi alikuwapo, au hakuwapo?

Vichwa vyote vikamgeukia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Mbeyu alikuwa ameshaumbuka nusu. Akaisogeza maikrofoni karibu.

"Mimi namwota mume wangu," alisema. "Anadai koti lake. Nami nimempa mtu mwingine."

Kanisa likamgeukia Mchungaji, likisubiri sentensi inayofuata kwa Kiingereza. Mama Agneta, kwenye kiti cha mbele, alimnong'oneza mwenzake kwamba hakujua Mchungaji aliwahi kuwa na mume. Mchungaji akainua mikono yake mitupu.

"Si mimi," alisema, na kilikuwa Kiswahili chake cha kwanza madhabahuni.

Hapo ndipo walipoelewa kwamba yule mimi alikuwa Mbeyu mwenyewe. Mbeyu akaona maji aliyoyavulia nguo hana budi kuyaoga, akasema yote: bati la jikoni, mvua, koti, posa, Kisumu, ukingo wa kitanda. Alisema Nicanor anataka kumwoa na Ngowa anakataa, na yeye amekaa katikati hajui kama anayemkataza ni mumewe au ni akili yake. Alikuwa amewalilia wengine miaka mingi kwenye maikrofoni ile, na sasa alipolia mwenyewe hakujua aweke wapi uso.

Mchungaji aliinua mkono kukemea, kisha hakujua akemee nini, akaushusha. Carolyne ndiye aliyefika kwanza. Alimshika mkono akamwambia polepole kwamba yeye, mama yake alipokufa, alimsikia akikohoa jikoni mwaka mzima, na hakumwambia mtu kwa sababu yeye ni mwalimu. Kisha Kafedha akaja kutoka upande wa dirisha, kanga kiunoni, na watu wakampisha njia.

"Wifi," alisema, "Ngowa alisema nini? Nataka maneno yake. Chumvi yako iweke kando."

"Koti langu liko wapi. Nasikia baridi."

"Na juu ya ndoa?"

Mbeyu alifikiri. Alizirudia zile ndoto kichwani, moja baada ya nyingine, kama Mchungaji alivyomrudia paka. "Hakusema kitu," akajibu.

"Ngowa huyu, ndugu yangu?" Kafedha akauliza. "Aliyemwambia chifu mbele ya baraza kwamba suruali yake imepasuka? Aliyeikataa posa yangu wakwe wakiwa wameketi, eti bwana harusi anatafuna mdomo wazi? Yule hakuwahi kukataa jambo kwa mafumbo. Angekuwa anakataa, angekataa. Amesema ana baridi. Basi ana baridi."

Carolyne akasema hilo halikuwa mbali sana na alilokuwa akilisema yeye: kwamba lililomlemea Mbeyu ni koti tu, wala si ndoa. Yeye na Kafedha wakatazamana kwa mashaka, kila mmoja akitafuta ni wapi amedanganywa hadi wakakubaliana. Mbeyu akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Siku zote zile za ndoto alikuwa amemsikiliza Ngowa kama mkalimani anavyosikiliza, akimwongezea maneno ambayo mwenyewe hakuyasema. Alijionea haya, na kifua chake kikawa chepesi kuliko kilivyokuwa tangu mvua ile.

Mchungaji hakuwa mtu wa kuacha swali njiani. Aliuliza tena, safari hii kwa upole, kama yule Mtu wa Masizi alikuwapo.

"Sijui, Mchungaji," Mbeyu alisema. "Ninalojua ni kwamba yule mtoto hakuwa mwongo."

Nicanor alikuwa amesimama. Alifungua vifungo kimoja kimoja, akalivua koti, na shati lake ndani lilikuwa limelowa kuliko siku ile ya mvua. Akaja mbele amelibeba kwa mikono miwili. Alisema kwamba hakujua lilikuwa la marehemu, na angejua angekubali kulowa. Hakuwahi kusema maneno mengi namna ile mbele za watu, kwa hiyo akapumua kwanza kabla ya kuuliza lile lililomleta.

"Jumatatu niwaambie nini kazini?"

Mbeyu aliiweka maikrofoni juu ya kiti. "Waambie unabaki," alisema. "Mimi nakutaka."

Upande wa dirisha walilisikia na upande wa mlango walilisikia, na akina mama wakapiga vigelegele bila kugawanyika. Nicanor akabaki amelishika koti, hajui ampe nani. Mbeyu hakulipokea. Akamwambia kesho baada ya ibada watapanda gari kwenda Kaloleni, wao wawili na Kafedha, na koti atalibeba Nicanor mwenyewe mpaka kaburini kwa Ngowa, alirudishe kwa mkono wake. Mchungaji aliinama ghafla kutafuta waya wa projekta, na aliutafuta kwa muda mrefu ingawa ulikuwa miguuni pake.

Nicanor alikuwa amebeba mizigo ya watu wa kila nchi inayorusha ndege, lakini mzigo wa namna hii ulikuwa mgeni kwake. Akamsogelea Mbeyu, akapunguza sauti.

"Nikifika pale nitamwambia nini?"

Mbeyu alimtengeneza kola ya shati.

"Anza na shikamoo," alisema. "Alikuwa mkubwa wako."